Fundichuma Hana Chuma Ulete

Kandokando ya Ghuba ya Mara yuko ndege ambaye kila mtu anamjua na karibu hakuna anayemtazama. Rangi yake ni kahawia ya udongo uliolowa, uzito wake ni kama nusu kilo, miguu yake ni ya kusimama majini, na nyuma ya kichwa ana kishungi kilicholala. Ukimwona kwa ubavu kichwa chake ni nyundo tupu: mdomo upande huu, kishungi upande ule, shingo ndiyo mpini. Kiswahili kikamwita fundichuma. Utamkuta Makoko na Mwigobero mjini Musoma, utamkuta kwenye malambo ya kunyweshea ng'ombe Butiama, na upande wa Bunda utamkuta pale Mto Grumeti unapokaribia kumwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Yeye mwenyewe hatazamwi. Kinachotazamwa ni nyumba yake, lile lundo la vijiti lililokaa kwenye panda ya mkuyu kama mtu amepandisha mzigo wa kuni mtini akausahau, na maneno yote yanaanzia hapo. Husemwa kwamba ndege mdogo kiasi kile hawezi kujenga jumba kubwa kiasi kile, kwa hiyo yeye ni mfalme na ndege wengine ndio wanaomjengea. Husemwa kwamba si ndege wa hivihivi, akipita juu ya paa huku akilia kuna msiba, na anayegusa kiota chake amejitafutia balaa. Siku hizi limeongezeka la tatu, nalo linasemwa na waliosoma: kwamba tusiziguse imani hizi, kwa sababu hofu ndiyo inayomlinda ndege huyu asiuawe na mti wake usikatwe. La kwanza linamnyang'anya ndege kazi yake, la pili linamsingizia, na la tatu, ambalo ndilo linalosikika kwa sauti ya busara, ndilo lenye madhara zaidi.

Tuanze na ujenzi, maana hapo ushahidi hauna kificho. Fundichuma hujenga wawili, dume na jike. Kwanza wanatandika jukwaa la vijiti kwenye panda ya mti, mara nyingi mti ulioinamia maji, ingawa pakikosekana mti wa kufaa jabali nalo linatosha. Juu ya jukwaa wanainua kuta mpaka kiota kinafanana na bakuli, kisha wanaziba juu kwa kuba, wakipachika vijiti kimoja ndani ya kingine badala ya kuvilundika ovyo. Ndani wanakandika tope. Mlango unaachwa chini au ubavuni, upana wake sentimita 13 hadi 18, na njia ya kuingilia inaweza kufika sentimita 60 kabla haijafungukia chumba cha kulelea. Njia hiyo nayo imesiribwa udongo mpaka ikalainika. Kazi ikikamilika, kiota kina upana wa mita moja na nusu hivi, na paa lake lina uwezo wa kubeba mtu mzima aliyesimama juu yake. Anayejenga nyumba ya fito na udongo anaifahamu kanuni yenyewe: fito peke yake zinayumba, udongo peke yake unapasuka, na nguvu inapatikana vinapokamatana.

Lakini vijiti ni vingi mno, mtu atasema, wawili wataviwezaje? Hesabu ni rahisi. Kiota kikubwa hukadiriwa kuwa na vijiti 8,000 hadi 10,000, na ujenzi huchukua kama wiki 10 hadi 14. Chukua vijiti 8,000 kwa siku 70: ni vijiti 114 kwa siku. Gawanya kwa ndege wawili, kila mmoja ana 57. Mchana wetu huku karibu na Ikweta una saa 12, kwa hiyo kila ndege anatakiwa kuleta vijiti visivyofika vitano kwa saa, na vinaokotwa hapohapo chini ya miti. Hakuna muujiza katika safari tano kwa saa. Akina mama wanaopandisha ndoo za maji kutoka ziwani wanafanya kazi nzito kuliko hiyo, na hakuna anayesema maji yale yamepandishwa na majini.

Kinachowashinda wengi kuamini ni udogo wa mfanyakazi mbele ya ukubwa wa kazi, na hili halimhusu ndege peke yake. Ndivyo tunavyomchukulia hata jirani. Mtu akifungua genge la nyanya, akawahi sokoni alfajiri miaka minane mfululizo na mwisho akapandisha nyumba ya tofali, mtaani haulizwi aliamka saa ngapi. Inasemwa ana chuma ulete: ana dawa inayochota hela kwenye droo za wenzake na kuzimimina kwenye yake. Kuna kichekesho cha lugha hapa. Chuma ya chuma ulete ni kitenzi, ni ile ya kuchuma cha mwingine ukaletewa bila jasho. Chuma ya fundichuma ni kile kinachofuliwa kwa moto na nyundo. Aliyempa ndege huyu jina alimtazama kichwa tu, hakuwa anasifia ujenzi wake, lakini akili yake ilikuwa sawa kuliko ya wanaomwita mfalme, kwa sababu angalau alimweka kwenye kundi la watu wenye kazi ya mikono.

Pingamizi la nguvu zaidi linatoka kwa wanaosema wameona kwa macho yao. Wameona ndege wa aina nyingine wakiingia na kutoka kwenye kiota cha fundichuma, wengine wakibeba majani. Siwabishii macho yao. Kiota kile ni nyumba imara yenye paa, na porini nyumba ya namna hiyo haikosi wapangaji. Bata bukini hutagia ndani yake au juu yake. Bundi hulala humo na kulea humo. Kozi naye huhamia. Ndege wadogo, kwera wakiwemo, hutundika viota vyao kwenye kuta za nje, na hao ndio wanaobeba majani, ila wanapeleka kwao. Fundichuma akishahama huingia nyuki, nyoka, kenge, hata kanu. Kwa hiyo mwenye macho yuko sahihi kwamba aliona aina tano za ndege kwenye kiota kimoja. Kosa lake ni kuwaita vibarua watu ambao ni wapangaji, tena baadhi yao ni wapangaji wa mabavu. Bundi mkubwa akikitaka kiota hangoji mwenyewe amalize kulea, na bata bukini ni mgomvi anayejulikana. Ukiangalia kinachotokea badala ya kinachosimuliwa, mfalme huyu ndiye mwenye nyumba anayefukuzwa kwenye nyumba yake aliyoijenga, akaondoka na kuanza msingi mwingine. Jozi moja inaweza kujenga viota vitatu hadi vitano kwa mwaka, hata katika msimu ambao haitagi, na hiyo ni sababu nyingine ya watu kukosea hesabu: wanaona majumba manne na ndege wawili, wanahitimisha kwamba lazima kuna jeshi la watumishi lililojificha mahali.

Na ukubwa wote huo wa nini? Swali hili linastahili jibu, maana hapa ndipo tabia ya ndege mwenyewe inapoonekana. Jike hutaga mayai matatu hadi saba, wazazi wote wawili huyaatamia kwa muda wa kama siku 30, na makinda hukaa kiotani siku 44 hadi 50 kabla ya kuruka. Katika siku hizo wazazi huwaacha peke yao kwa muda mrefu wakienda kutafuta riziki. Ndege wengi wa majini hawathubutu. Korongo na kulasitara hujenga sahani ya vijiti iliyo wazi, kwa hiyo mmoja hubaki kuwakinga makinda na jua na mwewe. Fundichuma amelimaliza tatizo hilo kwa ukuta mnene na mlango mwembamba: joto la saa nane mchana haliingii kwa urahisi, na adui mwenye mbawa pana hapiti. Jumba lile ndilo yaya wa watoto wake.

Nikubali kwamba wanaomwita ndege wa uchawi hawakuokota jambo hewani. Fundichuma ana tabia ya kuokota vitu vya watu na kuviweka kwenye paa la kiota: vipande vya nguo, mifupa, karatasi za plastiki, chochote kinachong'aa au kilichotupwa. Fikiria mtu amefiwa na mtoto, kisha anapita chini ya mkuyu na kuona juu kipande cha kitenge kinachofanana na chake kimechomekwa pamoja na mfupa. Halafu kuna kile kinachofanana na ngoma. Ndege hawa kwa kawaida ni wakimya, lakini wakikutana kadhaa, pengine wanafika kumi, hukimbia kwa kuzungukana huku wamesimamisha vishungi na kupepesa mabawa, wakilia kwa sauti kali inayopanda na kushuka, na mmoja hupanda mgongoni mwa mwingine bila kujali nani dume nani jike wala nani mke wa nani. Kupandana kwenyewe mara nyingi si kwa ajili ya kuzaa. Ni namna yao ya kukutana. Mtu akiyaona haya magharibi, giza likiingia, na ndege huyu hupenda kuhangaika saa hizo, simshangai akiharakisha kwenda nyumbani. Ninachokataa ni hatua inayofuata. Kutoka kwenye kitambaa kilichookotwa jalalani hadi kwenye jirani aliyemtuma ndege ili uumwe ni safari ndefu, na hakuna kinachoonekana njiani.

Wapo watakaosema: imani hii imeenea mno kuwa uongo, watu wa mbali wasiojuana hawawezi kukosea kwa pamoja. Hoja hii ina sura nzuri, lakini ikikaguliwa vizuri inajigeuka. Kweli, ndege huyu anaogopwa sehemu nyingi, na anapatikana karibu kote kusini mwa Sahara, Madagaska na kona ya kusini-magharibi ya Uarabuni. Lakini sikiliza kinachoogopwa. Wasani wa Kalahari walisema anayeibia kiota chake hupigwa na radi. Wamalagasi wa zamani walisema anayekibomoa hupata ukoma. Kwingine kusini mwa bara ilisemwa kwamba anapokodolea maji huwa anaziona sura za watakaokufa. Wote wamekubaliana kuhusu kile ambacho kila mwenye macho anakiona, yaani nyumba kubwa ya ajabu na ndege anayeinama kimya juu ya maji. Walipofika kwenye kile kisichoonekana, kila mmoja akaenda zake. Mashahidi kumi wakija mahakamani wakakubaliana kwamba kulikuwa na nyumba, kisha mmoja akasema mwenye nyumba ni mwizi, mwingine muuaji, mwingine mganga, hakimu atabaki na nyumba tu.

Kuhusu kukodolea maji, yatosha kusema anatafuta chakula. Huingia kwenye maji ya kina kifupi, hutikisa mguu mmoja kwenye tope, kisha mwingine, na kinachoshtuka anakidaka. Zaidi ni vyura na viluwiluwi, na samaki wadogo. Pengine huruka polepole kukabili upepo, miguu ikining'inia, akidonoa viluwiluwi juu juu bila kutua. Hufuata ng'ombe na nyati kwa sababu kwato zinafukuza wadudu na vyura, na huonekana amesimama juu ya mgongo wa kiboko kama abiria wa kivuko cha Kisorya.

Sasa nije kwa wenye hoja ya tatu. Wanasema hivi: elimu ya viumbe haitafika kila kijiji, sheria haina askari wa kutosha, lakini hofu iko kila mahali na haidai mshahara. Mkulima hatakata mti wenye kiota cha fundichuma kwa sababu anaogopa. Basi mwacheni aogope. Nakiri kwamba pengine mti mmoja mmoja umesalimika kwa njia hiyo. Lakini hofu haichagui. Hofu hiyohiyo inayomwacha fundichuma ndiyo inayomrushia bundi mawe, kwa sababu bundi naye ameitwa ndege wa wachawi, ila yeye hukumu yake ni kuuawa na si kukwepwa. Na bundi, kama nilivyosema, ni mpangaji wa fundichuma. Kwa hiyo tuna nyumba moja, mwenyewe anaogopwa akaachwa, mpangaji anaogopwa akapigwa, na mtaalamu anatuambia huo ni mfumo wa hifadhi. Hofu inaamuliwa na usiku uliopita nani aliumwa. Leo inasema usikate mti. Kesho mtoto akipata degedege itasema mti ukatwe na kiota kichomwe.

Tena hofu haiishii kwa ndege. Kanda ya Ziwa inajua, na haipendi kukumbushwa, idadi ya vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi miaka hamsini. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, enzi za Mwingereza, na mauaji hayakungoja ruhusa yake. Sisemi kwamba anayemwogopa fundichuma ni muuaji. Nasema namna ya kufikiri ni ileile: kitu kisicho cha kawaida kimeonekana karibu na nyumba, basi kuna mtu amekituma. Anayetaka kuitunza namna hiyo ya kufikiri kwa ajili ya ndege awe tayari kueleza itakapoelekezwa kwa bibi wa jirani atafanya nini. Hawezi kuipa amri ya kuishia mtini.

Na hata tukiacha hayo, hofu inamlinda fundichuma mahali asipohitaji ulinzi. Huyu si ndege aliye hatarini kutoweka. Ameenea, yuko mpaka kwenye mifereji na mabwawa yaliyochimbwa na watu, na amefaidika nayo. Anastawi palipo na maji ya kina kifupi yenye vyura, awe anaogopwa au asiwe. Hiyo inatuambia mlinzi wake ni nani. Kiota kinaweza kuachwa salama juu ya mkuyu na ndege akahama, kwa sababu bwawa limekauka, au mafunjo yamechomwa, au maji yameingia sumu. Machi 2022 maji ya Mto Mara eneo la Daraja la Kirumi yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Kamati iliyoundwa na serikali ilitaja kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi waliyakataa maelezo hayo na ubishi ukawa mkali. Sina nia ya kuufufua ubishi ule hapa. Ila angalia kwamba katika kelele zote hizo watu walihesabu samaki, kwa sababu samaki ana bei kwa kilo. Chura hana bei, na ngozi yake hupitisha maji na kila kilichomo ndani ya maji, kwa hiyo madhara yanaweza kumfika mapema. Ndege anayeishi kwa vyura na viluwiluwi ni mtu wa kumuuliza kuhusu hali ya maji, kama angekuwa na watu wanaomtazama anapokula. Sisi tumefundishwa kumtazama anapolia juu ya paa. Tumetafuta dalili mbaya kwenye sauti yake wakati dalili mbaya ingekuwa ukimya wake.

Najua mwisho nitaambiwa ninawadharau wazee. Wazee wa Mara walijua ardhi yao. Mtoto aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mvua ikinyesha kwa nguvu, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Watu waliotoa jina hilo walikuwa na jicho kwenye mawingu kila siku, kwa kuwa ulezi na mtama wao ulikuwa hukohuko. Jicho hilo ndilo ninalolitetea. Mzee anayejua fundichuma hujenga mti gani, mlango anauelekeza wapi na tope analitoa ukingo upi anastahili kusikilizwa kuliko kitabu. Anapoongeza kwamba vijiti vililetwa na raia wa mfalme, hapo hajaona, amesikia, na aliyemsimulia naye alisikia.

Kwa atakayebisha bado, ushahidi hauhitaji darubini wala nauli. Inatosha kukaa chini ya kivuli ng'ambo ya lambo asubuhi mbili tatu, mvua za vuli zikiwa zimelainisha tope. Atawaona wawili wakipishana, mmoja na kijiti, mwingine na tope mdomoni akiingia kwa kubana mabawa kwenye mlango ule wa chini. Akiwa na subira ya kurudi baada ya miezi michache, huenda akakuta bata bukini ameshakamata jumba, na vifaranga vyake vinajirusha chini kimoja baada ya kingine huku mama akiviita kutoka majini. Fundichuma watakuwa mti wa pili, wanatandika jukwaa.